Majibu kwa Wasomaji: Kuyafungua na Kuyatunza Majarida ya Kwanza ya Kielektroniki

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu majarida yaliyosambazwa kwa kaseti, kwa disketi na kwa barua pepe, kabla kurasa za tovuti hazijawa jambo la kawaida. Barua zilizotufikia baada ya hapo hazikuuliza sana historia. Nyingi zimetoka kwa watu ambao majarida hayo wanayo mikononi na hawawezi kuyasoma. Tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi, tukazifupisha bila kugusa maana.

Swali: Ndugu Mhariri, nimeachiwa kompyuta ya marehemu mjomba wangu, na ndani yake mna majarida mengi ya maandishi matupu ya miaka ya 1990. Mengine nikiyafungua huwa mstari mmoja mrefu usiokatika. Mengine yanasomeka vizuri, ila juu ya kila kichwa cha habari kuna safu ya ÍÍÍÍÍÍ au ÄÄÄÄÄÄ. Je, faili zimeharibika? Nikizihifadhi upya kwa programu ya siku hizi zitakaa sawa?

Jibu: Pole kwa msiba, ndugu msomaji. Faili zako ni nzima. Tunakuomba tu usihifadhi chochote upya kabla hujafanya nakala ya folda yote na kuiweka mahali ambapo hutaigusa, kwa sababu programu iliyoisoma faili vibaya ikiihifadhi vilevile ilivyoisoma, kosa lililokuwa la kuonekana tu kwenye skrini linaingia ndani ya faili yenyewe, na kulitoa huko ni kazi kubwa.

Mstari usiokatika unatokana na jinsi kompyuta za aina mbalimbali zilivyoonyesha mwisho wa mstari. Kompyuta za DOS na Windows ziliweka alama mbili, yenye namba 13 ikifuatwa na yenye namba 10. Za Unix ziliweka namba 10 peke yake, na Macintosh za wakati ule ziliweka namba 13 peke yake. Jarida lililoandaliwa kwenye Macintosh likifunguliwa kwenye Windows, programu ilingoja alama mbili zisizokuwapo, na aya zote zikashikana. Notepad ya Windows yenyewe ilianza kuzitambua alama za namna zote tatu mwaka 2018, kwa hiyo kama kompyuta yako ni ya kabla ya hapo, tumia programu nyingine ya kuhariri maandishi matupu inayokuruhusu kuchagua aina ya mwisho wa mstari.

Hizo Í na Ä zilikuwa michoro. Kompyuta nyingi za DOS zilitumia jedwali la herufi namba 437, ambamo namba 205 ni mistari miwili milalo iliyobanana na namba 196 ni mstari mmoja mlalo, na wahariri walizipanga namba hizo kuchora masanduku na mipaka ya kurasa. Katika jedwali namba 1252 lililotumiwa na Windows, namba 205 ni Í na namba 196 ni Ä. Baiti hazijabadilika hata moja, ila zinasomwa kwa jedwali lisilo lake. Unapofungua faili, chagua jedwali 437, tumia fonti ambayo herufi zake zote zina upana sawa, na upana wa dirisha uwe angalau herufi 80. Mipaka itarudi mahali pake. Ukipenda kupata nakala ya kusomea, ihifadhi kwa jina jipya katika UTF-8, mpangilio uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ambao una nafasi ya michoro hiyo yote pamoja na herufi za lugha nyingine.

Hapa wanaosoma Kiswahili tuna bahati. Herufi zote tunazoandikia zimo ndani ya zile 128 za ASCII, jedwali la msingi ambalo kompyuta nyingi zililitambua, kwa hiyo maandishi ya Kiswahili ya miaka hiyo yalivuka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kupoteza herufi, wakati maandishi ya Kifaransa au ya Kijerumani yaliweza kufika yakiwa na mapengo au alama za ajabu katikati ya maneno.

Swali: Katika barua pepe za zamani za jarida fulani nimekuta sehemu inayoanza kwa «begin 644» na jina la faili, kisha mistari mingi isiyosomeka, karibu yote ikianza kwa M. Ni nini, na inafunguliwaje?

Jibu: Hiyo ni picha au programu iliyogeuzwa kuwa herufi kwa njia iitwayo uuencode. Barua pepe za wakati ule zilikuwa na uhakika wa kubeba maandishi matupu tu, basi chochote kingine kilipaswa kuvishwa sura ya maandishi kwanza: kila baiti tatu zikawa herufi nne. Herufi ya kwanza ya mstari inataja idadi ya baiti zilizomo. Mstari uliojaa una baiti 45, hesabu inaongezewa 32 kupata 77, na 77 katika ASCII ni M. Ndiyo maana unaona M mstari hadi mstari, mpaka ule wa mwisho ambao haukujaa. Ile 644 ni ruhusa za faili katika Unix.

Jarida kubwa liligawanywa katika barua kadhaa. Ziunganishe kwa mpangilio, uondoe vichwa vya barua na salamu za mtumaji vilivyoingia katikati, ubaki na maandishi kuanzia «begin» hadi «end», halafu uifungue kwa amri ya uudecode au kwa programu kama WinRAR. Ikikataa, pima urefu wa mistari. Kila mstari unaoanza kwa M unatakiwa uwe na herufi 61. Baadhi ya mitambo ya kupitishia barua ilikata nafasi tupu zilizokuwa mwishoni mwa mstari, na ukizirudisha nafasi hizo faili huweza kufunguka. Tatizo hili lilisababisha programu za baadaye kuacha kutumia nafasi tupu na kuweka alama ya ` badala yake. Mitambo ya BITNET, mtandao wa zamani wa kompyuta za vyuo vikuu, ilileta balaa kubwa zaidi, kwa kuwa kompyuta zake nyingi zilitumia mpangilio wa herufi wa EBCDIC, na baadhi ya alama ziligeuka zikivuka kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine. Kanuni za MIME za kubebea picha na faili nyingine katika barua pepe, zilizotolewa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed mwezi Juni 1992, zilichagua kwa makusudi herufi zilizojulikana kuvuka salama.

Swali: Ndugu Mhariri, salaam. Maktaba yetu imepewa sanduku la majarida ya disketi ya miaka ya 1980 na 1990, mengine ya inchi 5.25 na mengine ya inchi 3.5. Tumeshauriwa tununue kisoma disketi cha USB na kunakili moja baada ya nyingine. Je, kitatosha?

Jibu: Kwa sanduku zima hakitatosha, na pasipo uangalifu kinaweza kuwatia hasara. Kabla disketi yoyote haijaingizwa popote, ifungeni isiandikike. Disketi ya inchi 3.5 ina kijitundu chenye kifuniko cha kuteleza: kijitundu kikiwa wazi kiasi cha kuona upande wa pili, disketi imefungwa. Ile ya inchi 5.25 ni kinyume chake: pengo lililo ubavuni likiwa wazi, disketi inaandikika, na ni lazima lizibwe kwa kibandiko. Anayezoea aina moja hukosea kwa urahisi anapoishika nyingine. Kisha tazameni uso wa sumaku kwenye nafasi ya kusomea. Penye madoa ya ukungu, disketi hiyo ikae kando hadi isafishwe na mtu anayeijua kazi hiyo, kwa sababu ukungu hukwaruzwa na kichwa cha kisomaji, ukagandia hapo, na disketi safi itakayofuata nayo ikaumia.

Kisomaji cha USB husoma disketi za inchi 3.5 zilizoandaliwa kwa DOS na Windows, yaani za megabaiti 1.44 na mara nyingi za kilobaiti 720. Disketi za Amiga za kilobaiti 880, na zile za Macintosh za kilobaiti 400 na 800, ziliandikwa kwa mpangilio mwingine. Mkiziingiza humo, kompyuta itadai kuwa hazijaandaliwa na itaomba iziandae upya. Msikubali: kukubali ni kufuta kila kitu. Kwa hizo, na kwa za inchi 5.25, vipo vifaa kama Greaseweazle na KryoFlux ambavyo huunganishwa na kisoma disketi cha zamani na kurekodi mabadiliko ya sumaku yenyewe jinsi yalivyo kwenye disketi, bila kujali iliandikwa na kompyuta gani. Kazi ya kuyatafsiri hufanyika baadaye, na inaweza kurudiwa mara nyingi bila kuigusa tena disketi.

Chukueni taswira ya disketi nzima, yaani faili moja yenye nakala ya kila kilichomo, badala ya kuchomoa faili moja moja. Jarida la disketi lilikuwa na programu yake ya kulisomea, na mara nyingi makala zake hazionekani kama faili za kawaida mpaka programu hiyo iendeshwe. Kompyuta za sasa za Windows za biti 64 haziwezi kuendesha programu za DOS moja kwa moja, kwa hiyo mtahitaji programu inayoiga kompyuta ya zamani. Kwa DOS ipo DOSBox, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002; kwa Commodore 64, ambayo ndiyo iliyosoma jarida la Loadstar lililoanza mwaka 1984, ipo VICE. Tunawasihi pia mpige picha vibandiko, bahasha na karatasi zote zilizomo sandukuni. Maelezo ya namna ya kuwasha jarida, ya kibonye cha kugeuzia ukurasa na ya anwani ya kutuma malalamiko yaliweza kuchapwa huko, na bila hayo mtu anaweza kukaa mbele ya skrini yenye picha nzuri asijue abonyeze nini.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi, na ninaandaa mkusanyiko wa majarida ya mwanzo ya kielektroniki. Katika matoleo mengi, barua za wasomaji na safu ya msaada wa kiufundi zimechukua nafasi kubwa, na zote zinazungumzia modemu, disketi na programu ambazo leo hazipo. Mwalimu wangu ameniambia ninaweza kuziacha na kubakiza makala. Wewe unaonaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ana heshima yake, na nafasi ya kuhifadhia ina mipaka, lakini katika hili ninamwomba aangalie upya. Ukiwa na nafasi ya kutunza kitu kimoja tu kutoka katika kila toleo, ningekushauri utunze barua hizo kabla ya makala.

Mhariri wa gazeti la karatasi anapolishika gazeti lake, anaona kilekile atakachoona msomaji. Mhariri wa jarida la kielektroniki hakuwa na uhakika huo hata siku moja. Alichokiandaa kilifika kwenye skrini za upana tofauti, katika kompyuta zisizosikilizana, kupitia waya za simu zenye kelele, na yeye akabaki hajui kimefikaje mpaka mtu amwandikie. Barua ya malalamiko ilikuwa ndiyo jicho lake. Kwa hiyo tunaposoma safu ya msaada wa kiufundi, tunasoma jinsi jarida lilivyoonekana kweli kwa watu waliolipokea, jambo ambalo faili ya makala, hata iwe nzima kiasi gani, haiwezi kutueleza.

Chukua mfano wa upana wa mstari. Skrini nyingi zilikuwa na nafasi 80 za herufi kwa upana. Mhariri akijaza zote 80, skrini za aina fulani zilishuka mstari zenyewe baada ya herufi ya mwisho, kisha zikakutana na alama ya mwisho wa mstari na kushuka tena, na msomaji akaona mstari mmoja wa maneno, mmoja mtupu, hadi mwisho wa jarida. Aliyejibu barua kwa kunukuu, akaongeza alama ya > na nafasi mbele ya kila mstari, alipata mistari mirefu iliyokatika vipande, neno moja au mawili yakining'inia peke yake. Ndiyo sababu matoleo mengi ya wakati ule yameandikwa kwa upana wa herufi 65 hadi 72 hivi. Ukiyaona makala hayo leo bila barua, utadhani upana huo ni kupenda kwa mhariri tu.

Hata sura ya majarida ilibadilika ili watu wengi zaidi waweze kuyasoma. TidBITS ilianza mwezi Aprili 1990 ikiwa faili ya HyperCard, ambayo ni Macintosh peke yake iliyoweza kuifungua; mwaka 1992 ikahamia kwenye maandishi matupu yenye mpangilio maalumu, ambayo kompyuta yoyote iliyasoma. Majarida ya hadithi kama Quanta, lililoanza mwaka 1989, na InterText, lililoanza mwaka 1991, yalitolewa kwa sura mbili, PostScript, lugha ya kuielekeza printa namna ya kupanga ukurasa, kwa wenye printa za kuifaa na maandishi matupu kwa wengine wote. Hapo mwanzo kabisa, Softdisk, jarida la disketi la kompyuta za Apple II lililoanzishwa Marekani mwaka 1981, liliwataka wasomaji wairudishe disketi, na maoni yao yakarudi pamoja nayo. Ninaupenda sana mpango huo, kwa sababu jarida lilisafiri kwenda na kurudi, na msomaji alihesabiwa kuwa mmoja wa waandishi.

Utaona pia barua nyingi juu ya ukubwa wa matoleo, na hizo usizipite haraka. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilipitisha herufi zipatazo 240 kwa sekunde. Toleo la maandishi la kilobaiti 40 lilichukua karibu dakika tatu, muda ambao mtu aliweza kuuvumilia. Lakini disketi moja ya megabaiti 1.44 iliyojaa ingechukua zaidi ya saa moja na dakika 40, na aliyekuwa akilipia simu kwa dakika aliiona gharama ikipanda mstari ukitiririka. Hata kwa modemu ya biti 14,400 ilikuwa dakika 17. Majarida ya tovuti yenye picha za rangi yalipokuja, HotWired likiwa mojawapo mwezi Oktoba 1994, wasomaji wenye modemu waliweza kuzima picha katika kivinjari, na ukurasa ambao vichwa vyake vya habari vilikuwa picha ukabaki visanduku vitupu.

Unapozihifadhi barua hizo, zingatia ubora wake pia. Swali zuri lilitaja aina ya kompyuta, ukubwa wa kumbukumbu, toleo la DOS, kasi ya modemu, na maneno ya kosa kama yalivyotokea kwenye skrini, neno kwa neno. Lile baya lilisema tu kwamba jarida halifunguki, na utaona toleo linalofuata mhariri akiomba maelezo kwa upole. Weka yote mawili pamoja na jibu lake, hata kama jibu liko katika toleo jingine, na uandike kiungo kati yao.

Jambo moja la lazima: barua nyingi zilichapishwa zikiwa na jina kamili, namba ya simu na anwani ya nyumbani, kwa sababu ndivyo watu walivyozoea. Wenyewe hawakufikiri kwamba maneno yao yangetafutika na yeyote duniani baada ya miaka thelathini. Hifadhi nakala kamili katika kumbukumbu isiyo wazi, na katika ile utakayoionyesha hadharani uondoe namba na anwani.

Swali: Nimepakua jarida la mwaka 1993 lililobanwa katika ZIP, na kila nikilifungua naambiwa kuna kosa la CRC. Kuna njia ya kuliokoa?

Jibu: Inategemea ukubwa wake. Kosa la CRC maana yake ni kwamba namba ya ukaguzi iliyowekwa wakati wa kubana hailingani na kilichomo sasa. Chanzo cha zamani cha kosa hili ni FTP, njia ya kuhamisha faili kati ya kompyuta, ambayo kwa kawaida yake huanza katika hali ya kusafirisha maandishi, na mtu asipoibadili kwanza, alama za mwisho wa mstari hugeuzwa hata ndani ya faili ambayo si maandishi. Linganisha ukubwa wa faili yako na ule ulioorodheshwa mahali ilipotoka. Ikiwa yako ni kubwa zaidi, huenda kila namba 10 imetanguliziwa 13. Kwenye nakala, badilisha kila 13 na 10 zinazofuatana ziwe 10 pekee, kwa programu inayohariri baiti, na inaweza kurudi ilivyokuwa. Ikiwa yako ni ndogo zaidi, yaelekea 13 zimeondolewa, na hakuna kinachoonyesha zilikuwa wapi. Hapo tafuta nakala nyingine kwa mtu aliyeipokea faili hiyo kwa njia tofauti.